Machozi ya Kuchangiwa

Ukoo wa mume wangu hauwezi kununua hata jokofu bila kikao. Nimeolewa humo nikiwa msichana, nimezeekea humo, na bado sijaona jambo lililoamuliwa na mtu mmoja akiwa peke yake na akili zake. Hukutana Mbezi Beach kwa wifi yangu mkubwa, kwenye sebule ambayo makochi yake yana nailoni ya dukani mpaka leo. Inapita kahawa chungu, inapita halua, kisha kila mtu anasema neno lake, hata asiye nalo. Mimi naishi Temeke, nyuma ya duka letu la vifaa vya ujenzi, na kwenye vikao hivyo huitwa kwa ajili ya kubeba sinia na kuosha vikombe. Kwa hiyo niliposikia kwamba jicho la mume wangu nalo limeitishiwa kikao, sikushangaa. Nilidharau tu, kama ilivyo kawaida yangu.

Lilikuwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limeshakufa, na waliolimaliza nawajua.

Mume wangu ana sukari ya miaka mingi. Vidonge anameza akikumbuka, na ikifika Idi au harusi hakumbuki kabisa. Watu wa kwao wana adabu moja ya ajabu: wakija kumwona mgonjwa wa sukari wanamletea halua. Wanaiweka mezani kwa heshima zote, wanakata kipande, wanamwambia, "Kidogo tu, usimvunje moyo dada yako." Akisita analetewa tende, kwa sababu tende, kwa elimu ya wifi yangu mkubwa, ni sunna na sunna haipandishi sukari. Naye mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, anakula ili asimvunje moyo dada yake.

Basi siku moja akaona nyuzi nyeusi zikielea kwenye jicho la kushoto. Alidhani ni buibui, akawa anapunga mkono hewani kama anayefukuza inzi. Dada zake wakasema ni kijicho cha majirani. Likatiwa maji ya waridi, likatiwa asali ya nyuki wadogo, likasomewa. Tulipofika hospitali tuliambiwa kwamba ukuta wa nyuma ya jicho, ule unaopokea picha, umeshavutwa ukabanduka, na kwamba hapo hakuna la kufanya tena. Wifi mkubwa akasema ni mipango ya Mungu. Mimi nilikuwa na majina mengine ya kutaja.

Ndiyo maana la kulia lilipoanza ukungu sikungoja mtu. Nilimpeleka mwenyewe kliniki ya macho mjini. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye raba nyeupe, anazungumza haraka kama msomaji wa taarifa ya habari, na nilipomwona nilijisemea kwamba tumepewa mtoto atujaribie. Alitusabahi vizuri lakini. "Shikamoo baba. Shikamoo mama." Akamwangalia mume wangu kwa mashine yake muda mrefu, kisha akachukua boksi tupu la glavu, akaligeuza, akachora jicho.

"Huku nyuma kuna mishipa midogo ya damu," alisema. "Sukari inaichosha, mingine inaziba. Jicho likikosa hewa linatengeneza protini ya kuitisha mishipa mipya. Inaota kweli, ila ni mibovu. Inavuja, mwisho inapasuka."

Nilielewa mara moja. Ni kama vibanda vinavyoota kwenye hifadhi ya barabara. Kila mtu anajua vitaleta balaa na kila mtu anavipita. Dawa aliyotaka kumpa ilikuwa ya kuizima ile protini, na ilikuwa ya sindano, na sindano inaingia ndani ya jicho lenyewe, kwenye weupe. Mume wangu huchezesha mguu akiwa amekaa. Hapo mguu ulisimama.

Halafu yule binti akaleta jambo la pili. Yeye na wenzake walikuwa wanafanya utafiti juu ya majimaji ya macho ya watu wenye sukari. Walikuwa wakitafuta alama, yaani protini zinazoanza kubadilika ndani ya jicho kabla mwenyewe hajaona hata uzi mmoja mweusi. Walitaka kujua kama alama hizo zinaonekana hata kwenye machozi. Zikionekana, alisema, siku moja mtu atapimwa kwa machozi tu, na jicho litawahiwa. Alikuwa anaomba vitu viwili. Machozi, yanayochukuliwa kwa kikaratasi chembamba kinachowekwa kwenye kope ya chini. Na siku ya sindano, tone la maji yaliyomo mbele ya jicho.

"Ukikataa hakuna ubaya, baba," alisema. "Matibabu yako yako palepale."

Mume wangu alisikia "maji ya jicho" na baada ya hapo hakusikia kitu. Akajibu kwa sauti yake ya dukani, ile ya kumwondoa mteja anayeomba punguzo: "Nitazungumza na wenzangu."

Wenzake wakakaa. Walikuwepo wifi mkubwa, wifi mdogo, na kaka yao aliyeko Maskati, ambaye alihudhuria kwa simu ya video iliyoegemezwa kwenye birika. Kwa jinsi alivyoishika ya kwake tulimwona paji la uso tu, toka mwanzo hadi mwisho. Paji hilo ndilo lililoongoza kikao.

"Jicho ni nini?" lilisema. "Jicho ni maji. Wakitoa maji, pale panabaki nini?"

Wakatikisa vichwa. Hakuna aliyejua jicho ni nini, lakini walijua kutikisa vichwa. Nilikuwa nimesimama na sinia, nikasema, "Yanarudi. Daktari amesema jicho linatengeneza maji yake kila siku. Na hilo tone ni jambo lingine, sindano ni jambo lingine."

Kisha wifi mkubwa akaniangalia kwa upole mkubwa. "Wifi, kahawa imepoa."

Nilikwenda kuipasha. Niliporudi, sindano na tone vilikuwa vimeshafungwa pamoja vikawa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka kaka aje kutoka Maskati alione jicho kwa macho yake. Machozi, kwa upande wake, yalikubaliwa. Yule binti ana adabu, walisema, si vizuri kumrudisha mikono mitupu. Lakini mwanamume wa nyumba yao hawezi kukaa mbele ya mtoto wa watu akalia. Haikuwahi kutokea.

"Si kulia," nilisema. "Ni kikaratasi kinawekwa kwenye kope."

"Sasa mbona choo tunapelekaga kwenye kikopo?" wifi mdogo alisema. "Hatuendi kujisaidia mbele ya daktari. Na machozi tuyachukulie nyumbani, tumpelekee."

Nasema kweli, hilo lilipokelewa kama ufunuo. Paji la uso likasema mashallah.

Ijumaa baada ya swala walikuja kwangu Temeke wakiwa na kichupa cha mafuta ya udi, kidogo, cha kioo, chenye kifuniko cha dhahabu ya uongo. Walikuwa wamekiosha, lakini udi hauoshiki. Kitunguu nilikata mimi, bila shaka. Mume wangu aliketishwa kwenye kigoda na kanzu yake nyeupe, kichwa kimeinama, kama mtoto anayenyolewa. Nikamsogezea sahani puani. Macho yalikuwa mekundu. Hayakutoa kitu.

"Jikaze," alisema wifi mdogo, na hapo akagundua kwamba amesema kinyume. "Yaani jilegeze."

Wifi mkubwa akaanza kumtajia marehemu. Akamtajia baba yao. Akamtajia mama yao, alivyokuwa akiwaita kula, alivyokufa akimuulizia yeye. Mume wangu aliinama zaidi, akasema, "Naumia, dada, lakini hayaji." Aliyelia akawa wifi mkubwa mwenyewe, kwa kitunguu na kwa mama yake. Alilia vizuri, machozi manene, na alipoona yanamwagika bure akachukua kile kichupa akakiweka shavuni kwake.

"Dada!" mume wangu akasema.

"Tumetoka tumbo moja," akajibu. "Yangu na yako yana tofauti gani?"

Wifi mdogo akasogea kwenye sahani. Yeye alikuwa na wanja, kwa hiyo mchango wake uliingia na rangi ya kijivu. Mimi katika mji huu nimechangia harusi za watu nisiowajua, nimechangia misiba, nimechangia ubarikio na vikao vya kuagana na mabosi wa watu wengine, lakini sikuwahi kudhani nitaishi nione machozi yanachangishwa. Wakanigeukia. "Wifi, na wewe toa kidogo."

Nilisema mimi si wa tumbo lile.

"Kweli," wakasema wote wawili kwa pamoja, haraka mno.

Kliniki tulikwenda na wifi mkubwa. Kichupa alikifunga kwenye leso, akakitoa mbele ya daktari kama anayetoa posa. Yule binti alikiinua kwenye mwanga, akakifungua, akanusa. Muuguzi alitoka nje, nikasikia kicheko chake mpaka mwisho wa korido. Nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia na daktari, lakini yeye hakucheka.

"Mama, haya ni ya nani?"

"Ya kwetu," alisema wifi.

"Kila mtu na machozi yake, mama. Protini zake hazifanani na za mwingine, na za mwenye sukari ndizo tunazozitafuta. Haya tukiyapima yatatuambia habari za mtu ambaye hayupo duniani."

Akarudisha kifuniko taratibu, akampa kichupa chake. Kisha akachukua kikaratasi, akakikunja ncha, akakipachika kwenye kope ya chini ya jicho la mume wangu. Kazi yote ndiyo hiyo. Hapakuwa na kulia wala aibu, mtu amekaa tu na karatasi inaning'inia jichoni kama kibandiko cha bei kwenye bomba la dukani. Tulisubiri. Kililowa kwenye ncha tu, palepale kilipogusa.

"Machozi yake ni machache sana," daktari alisema. "Sukari inayakausha hata hayo."

Nilimwangalia wifi yangu. Mama yao alipokufa mume wangu hakudondosha chozi, na ukoo mzima ulimsifu kwa uanaume wake. Walimsimulia miaka nenda rudi kwenye kila hitima. Labda alikuwa mwanamume kweli. Labda macho yalikuwa makavu tu. Wifi alifunga kichupa kwenye leso yake.

"Sindano tuichome leo," daktari aliendelea. "Ile mishipa imesogea karibu na katikati. Ikipasuka hapo, baba, hili nalo litakwenda."

Mume wangu akamtazama dada yake. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya mashine zote zile. Jicho lake moja lililobaki, na alilitumia kumtazama dada yake!

"Tunamsubiri kaka," alisema.

"Jicho halimsubiri kaka," alisema yule binti. Wakati ule nilimpenda, raba zake na kila kitu.

Tukarudi nyumbani bila sindano. Kaka wa Maskati akasema anakuja wiki ijayo, kisha akasema shughuli zimembana, kisha akatuma dua ndefu ya kusikiliza, ambayo wifi mdogo aliisambaza kwa watu wote wenye simu. Mume wangu aliendelea kukaa dukani. Alikuwa anahudumia kama kawaida, tena kwa uchangamfu kuliko kawaida, na mimi nikajidanganya kwamba ukungu umepungua.

Siku moja adhuhuri nilitoka sokoni. Kwa desturi napita uani, mlango wa nyuma, lakini siku hiyo fundi alikuwa anamwaga zege uchochoroni, kwa hiyo nikazunguka mbele nikaingia kwa mlango wa barabarani kama mteja. Mume wangu alikuwa nyuma ya kaunta. Akainua uso akaniangalia moja kwa moja, mimi mke wake, mama wa watoto wake.

"Karibu dada," alisema. "Nikusaidie nini?"

Nilisimama na kapu langu. Naye alinisubiri kwa tabasamu lile la biashara, kisha akaona labda nina haya, akanirahisishia. "Kama ni skrubu ziko za kila aina. Kama ni rangi nyeupe, imeisha jana." Na huku anazungumza vidole vyake vilikuwa vinapapasa kwenye vidroo, vinahesabu kutoka ukingoni, moja, mbili, tatu. Hapo ndipo nilipojua kwamba ana siku nyingi anauza kwa vidole. Nyuzi nyeusi zilikuwa zimerudi, safari hii kwenye jicho la kulia, na hakumwambia mtu, kwa sababu kikao kilikuwa kimeamua tusubiri na yeye hakutaka kukivuruga.

"Ni mimi," nilisema.

"Najua," akasema.

Mwongo mkubwa. Sijawahi kumdharau binadamu kama nilivyomdharau mume wangu dakika ile, na sijawahi kuogopa vile. Nilivuta mlango wa duka mchana kweupe, wateja wakiwa barazani, nikamshika mkono nikamsukumia kwenye bajaji. Simu ya wifi mkubwa iliita njiani. Nikaizima.

Daktari alipomwangalia alianza kuzungumza polepole, na kwa mtu anayezungumza haraka vile, polepole inatisha. Mishipa ilikuwa imeanza kuvujisha damu, lakini haijafunika jicho lote. Bado kulikuwa na jicho la kupigania. Akaniruhusu nikae karibu kwa sababu mume wangu hakutaka kuniachia mkono. Walimlaza, wakamtia dawa ya ganzi, wakamfunika uso kwa kitambaa chenye tundu, likabaki jicho peke yake likitazama juu, jekundu, limepanuliwa kwa kichuma. Nilidhani ataniuliza dada yake yuko wapi.

"Daktari," alisema chini ya kitambaa, "chukueni na lile tone."

"Una uhakika, baba?"

"Msome. Mwingine asikae akingoja kama mimi."

Nililiona tone lenyewe kwenye bomba la sindano, bomba dogo kama la kuchezea watoto. Maji meupe, kiasi ambacho kisingelowesha ncha ya kidole changu. Hicho ndicho kilichohitaji kibali cha Maskati. Niliangalia nikaona hata hasira zimeniisha, ikabaki dharau tupu, kwangu pia, kwa vikombe vyote nilivyowaoshea.

Damu haiondoki mara moja. Inashuka polepole kama matope kwenye ndoo, na sindano hazikuisha kwa moja. Katika siku hizo za kungoja, wifi mkubwa alikuja, akakaa kitandani kwa kaka yake, akasema, "Tunamshukuru Mungu tulivuta subira mpaka wakati wake ukafika." Mume wangu akaitikia. Wifi mdogo akawasimulia jamaa wa Kunduchi kwamba kaka yao aliingia mwenyewe chini ya sindano kama simba. Kaka wa Maskati naye alifika hatimaye, baada ya kila kitu, na alichombebea mgonjwa ni kopo la halua, kubwa, jekundu, lenye lozi juu. Nililipokea kwa mikono miwili kama ninavyotakiwa, nikatoka nalo uani, nikaligawa kwa mafundi wa zege. Siku ile tu hakuna aliyeniuliza kahawa.

Tone lake liko mahali fulani kwenye friza, pamoja na kile kikaratasi kilicholowa ncha. Yule binti alinieleza kwamba majibu si ya kesho, na yakija hayatakuwa ya kumfaa mume wangu. Ni ya watu wa mbele huko. Mimi sina kawaida ya kutarajia mema kwa watu, wengi hawastahili. Lakini nikikumbuka jicho la kushoto, miaka yote ile ya vipande vidogovidogo vya kutomvunja moyo dada, wakati lilikuwa linaita mishipa mibovu na sisi hatujui, natamani wazipate hizo alama. Natamani mwanamke fulani, nisiyemjua, aambiwe mapema, kwa kikaratasi, kabla ukoo haujakaa.

Aliporudi dukani nikaanza mtindo wangu. Nikitoka sokoni sipiti uani. Nazunguka mbele, naingia kwa mlango wa barabarani, nasimama mbele ya kaunta na sisemi kitu. Mwanzoni alikuwa akisema, "Karibu." Hakuongeza dada, lakini hakutaja mtu. Nikawa naingia ndani nikiweka kapu chini kwa kelele. Siku nyingine alisema, "Karibu mama," na mama anaweza kuwa yeyote. Niliendelea. Majirani walidhani tumegombana.

Juzi niliingia vilevile, nikasimama. Alikuwa anachambua bawaba. Akainua uso, akakunja jicho, akanitazama kuanzia kichwani kushuka, bila haraka.

"Mlango wa nyuma umekufa?" aliuliza. "Na kanga yenyewe hiyo ya kupikia. Umepita nayo barabarani watu wakikuona?"

Akarudi kwenye bawaba zake. Nilimwambia anipishe, asinijazie njia na makorokoro yake. Nilivuka kaunta, nikapita chumbani, nikafika jikoni, nikaweka kapu chini. Hapo nikalia, peke yangu, bila kitunguu wala kikao, mpaka kanga ile ile ikalowa.